Nani Amekalia Kiti cha Kalsiamu?

Mwaka 2014 habari zilienea Kasulo, mtaa wa kawaida wa mji wa Kolwezi, mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwamba chini ya nyumba za watu kuna heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Haukupita muda mrefu mtaa ukageuka machimbo. Mashimo yalifunguliwa uani, jikoni, hata ndani ya vyumba vya kulala, na watoto wakaendelea kucheza papo hapo, kwenye vumbi lililopandishwa kutoka chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walikwenda Kasulo kupima watu, wakishirikiana na Benoit Nemery na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability: wakazi 72, watoto wakiwa 32, walilinganishwa na watu 25 wanaoishi mbali na machimbo. Mkojo wa watoto wa Kasulo ulikuwa na kobalti takribani mara kumi ya ile ya wenzao, na DNA yao ilionyesha dalili za kuharibiwa na oksidisho.

Hawakuwa wa kwanza kupimwa. Mwaka 2009 kundi hilohilo la Lubumbashi na Leuven lilitoa vipimo vya watu 351 wa ukanda wa shaba wa Katanga, likaandika kwamba kiwango cha kobalti lilichokikuta hakijawahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Mwaka 2020 ukafuata utafiti wa Lubumbashi, uliotoka katika The Lancet Planetary Health, kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile. Watoto 138 wenye kasoro walilinganishwa na 108 wasio nazo. Baba aliyefanya kazi inayohusiana na migodi alionekana kuongeza hatari hiyo zaidi ya mara tano. Ila madini yaliyopimwa kwa mama na kwenye kondo la nyuma hayakutoa jibu lililonyooka. Manganizi na zinki katika damu ya kitovu vilihusiana na hatari, kobalti haikujitokeza kama wengi walivyotarajia.

Hapo ndipo panaponishughulisha. Vipimo tunavyo. Tunajua nani ana nini mwilini, na kwa kiasi gani. Kinachotoka mkojoni, hata hivyo, ni kile ambacho mwili umekwisha kukitoa. Mkojo hausemi kobalti ilifanya nini ilipokuwa ndani, iligusa protini ipi, ikazuia kazi gani. Kujua hayo kunahitaji kifaa cha aina nyingine, kitu ambacho ukikiona mezani hutakidhania cha maana: kichupa chenye unga mweupe usiojaza hata ncha ya kisu, kimeandikwa mikrogramu 50 au 100, jina la protini ya binadamu inayoshika kalsiamu, na onyo kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matibabu wala uchunguzi wa mgonjwa.

Tuanze na kalsiamu yenyewe. Wengi wakiisikia hukumbuka maziwa na mifupa, na si makosa, maana asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Ile moja iliyobaki ndiyo inayoendesha shughuli. Moyo haudundi bila hiyo, msuli haukazi, neva hazipelekeani habari, damu haigandi, wala yai lililorutubishwa halianzi safari ya kuwa mtoto. Seli iliyotulia huweka kalsiamu yake chini sana, takribani mikromoli 0.1 kwa lita, ilhali nje ya ukuta wake kuna zaidi ya mara elfu kumi ya hiyo. Ishara inapofika, milango iliyo kwenye utando wa seli hufunguka, kalsiamu humiminika ndani, na protini zilizokuwa zikiisubiri huidaka na kubadilika umbo. Mabadiliko hayo ya umbo ndiyo amri. Kimeng'enya fulani huamka, kingine hulala.

Protini ya kwanza kufahamika vizuri katika ukoo huu ilitoka kwenye misuli ya samaki. Mwaka 1973 Robert Kretsinger alionyesha umbo la parvalbumini, na humo likaonekana kitanzi kifupi cha asidi amino 12, chenye atomi za oksijeni zinazoielekea kalsiamu kutoka kila upande. Kitanzi hicho kimepatikana tangu hapo katika mamia ya protini za binadamu. Iliyo maarufu kuliko zote ni kalmodulini: asidi amino 148, vitanzi vinne, imo katika kila seli yenye kiini. Troponini C, ndugu yake, ndiyo inayouambia msuli wa moyo ukaze. Zipo pia protini za jamii ya S100, ambazo ni wajumbe wa uvimbe na maumivu ya ndani. Mbili kati yake huungana kuwa kalprotektini, silaha ya chembe nyeupe za damu, inayowanyima vijidudu manganizi na zinki. Na huishika manganizi barabara zaidi pale kalsiamu inapokuwa imeshaingia mahali pake. Msomaji atakumbuka ni madini gani mawili yalijitokeza kwenye damu ya vitovu vya Lubumbashi. Sisemi kuna uhusiano. Nasema mtu akiwa na protini hiyo mkononi anaweza kuuliza.

Kitanzi kile, ambacho ndicho kiti cha kalsiamu, hakiulizi jina la anayekuja kukaa. Kinapima ukubwa na chaji. Kalsiamu ina nusukipenyo cha takribani pikomita 100. Kadimiamu ina 95, risasi 119, na zote zina chaji mbili za umeme kama yeye. Ndiyo sababu risasi ni sumu ya ujanja namna ile: tangu miaka ya 1980 majaribio ya maabara yameonyesha kwamba inaweza kukaa kwenye kalmodulini na kuiwasha, amri ikatolewa bila aliyestahili kuitoa. Hujificha hata mifupani, ikihesabiwa kama kalsiamu. Waliofuatilia kesi ya Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watoto risasi kwenye damu, wanajua gharama yake.

Kobalti haiwezi mchezo huo vizuri. Ni ndogo, kama pikomita 75, na hupendelea nitrojeni ya histidini kuliko oksijeni ya kitanzi. Ujanja wake uko mlangoni. Kwa miongo mingi wanafiziolojia wameitumia kobalti makusudi kuziba milango ya kalsiamu wanapotaka kuona neva au msuli unafanyaje bila ishara hiyo. Halafu ina njia ya pili, isiyohusu kalsiamu kabisa: huvuruga kihisio cha oksijeni cha seli, kile kilichowapa wagunduzi wake Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019, mwili ukadhani umekosa hewa ukaanza kutengeneza chembe nyekundu kwa wingi. Kwa sababu hiyo chumvi za kobalti ziliwahi kutolewa kama dawa ya upungufu wa damu.

Tunajua pia inavyomaliza ikipewa nafasi. Katikati ya miaka ya 1960 viwanda vya bia huko Amerika Kaskazini na Ulaya vilitia chumvi ya kobalti ili povu la bia lidumu. Quebec, Kanada, walevi wakubwa zaidi ya 40 waliugua moyo ghafla, na takribani 20 wakafa. Wagonjwa wa aina hiyo walionekana pia Leuven, mji uleule ambao chuo chake sasa kinapima mkojo wa Kolwezi. Kiasi kilichokuwa kwenye bia kilikuwa kidogo kuliko kile wagonjwa wa damu walichokuwa wakimezeshwa bila kufa. Madaktari walihitimisha kwamba kobalti ilipata msaada: lishe mbovu, upungufu wa protini, pombe yenyewe. Mtu wa afya ya jamii hapa Lualaba angepaswa kuisoma habari hiyo mara mbili. Mtoto anayekula bukari, yaani ugali, mchana na usiku, mwenye upungufu wa madini chuma, hufyonza kobalti zaidi tumboni, kwa kuwa chuma na kobalti hupita mlango mmoja. Aliyepungukiwa kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Lishe na sumu, katika mji kama huu, haziwezi kuandikwa kwenye mafaili mawili.

Vumbi la Kolwezi pia si kobalti peke yake. Vipimo vya 2009 vilikuta arseniki, kadimiamu, risasi na urani kwa watu walewale, na shaba na manganizi ni sehemu ya udongo wa hapa. Yakija pamoja, nani anakaa wapi? Je, risasi kidogo hukaa kwa urahisi zaidi pale kobalti imeshaziba mlango, au hukosa njia ya kuingia? Mtu akipimwa mkojo mara elfu moja, swali hilo litabaki palepale. Linajibiwa kwa protini safi ndani ya bomba la majaribio, ukiongeza madini moja moja na kuangalia umbo linavyobadilika.

Protini hiyo hupatikanaje? Zamani ilichujwa kutoka kwenye viungo. Siku hizi huagizwa kwa bakteria. Jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya protini huunganishwa kwenye kipande cha duara cha DNA, kipande kikaingizwa ndani ya bakteria wa E. koli, bakteria wakalishwa mchuzi wa chachu na chumvi kwenye chupa inayotikiswa usiku kucha, kisha wakaamriwa kwa kemikali waanze kuzalisha. Stanley Cohen na Herbert Boyer walifungua njia mwaka 1973. Kampuni ya Genentech ilitengeneza insulini ya binadamu kwa njia hiyo mwaka 1978, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumiwa na wagonjwa. Leo mwanafunzi wa shahada ya pili anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kalmodulini ndani ya wiki moja, na hataza za mbinu za msingi zilikwisha muda zamani.

Hatua inayofuata ina jambo ambalo mtu wa Lualaba hatalipita hivihivi. Ili kuitoa protini moja katikati ya maelfu ya protini za bakteria, wataalamu huiongezea mkia wa histidini sita, kisha mchuzi wote hupitishwa kwenye safu ya vijipunje vyenye metali. Mkia hung'ang'ania metali, takataka hupita, protini hubaki. Metali inayotumika ni nikeli, au kobalti pale mtafiti anapotaka usafi zaidi. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa ikiwa ya Lualaba, si ajabu kwamba protini nyingi za binadamu zilizosafishwa Boston au Shanghai zilishikwa na chembe zilizowahi kupita Kolwezi kwenye gunia. Ni kiasi kidogo mno, hakimtajirishi mtu. Lakini kinaleta tatizo halisi la kisayansi, na mnunuzi asiyesoma lebo hulikanyaga. Protini inayouzwa ikiwa na mkia wake haifai kuulizwa kama kobalti inaishika. Itajibu ndiyo, kwa sababu mkia wenyewe uliundwa ushike kobalti! Jibu linakuwa la mkia, si la protini. Kwa utafiti wa Kolwezi lazima mkia ukatwe kwa kimeng'enya, kisha protini ioshwe kwa kemikali inayonyang'anya metali, maji yawe yamesafishwa hadi ioni za mwisho, na vyombo viwe vya plastiki iliyolowekwa kwenye asidi. Kuna maabara za Ulaya zinazohangaika na hayo. Katika mji ambao vumbi la barabarani lina kobalti, dirisha lililoachwa wazi linatosha kuharibu jaribio.

Kalmodulini ina njia nyingine ya kusafishwa, isiyohitaji mkia, na ni nzuri kuitazama. Ikishika kalsiamu, protini hii hufunua sehemu zake zinazochukia maji. Ukiipitisha kwenye safu yenye vijipunje vya asili hiyohiyo, hujibandika. Osha unavyotaka, haitoki. Kisha mimina kemikali inayoikamata kalsiamu, na mara protini hujikunja, ikaachia, ikateremka peke yake kwenye bomba. Kabla ya hapo wengine huuchemsha mchuzi wote. Protini nyingine huganda kama ute wa yai na kuzama, kalmodulini huvumilia. Sijui protini nyingine inayojitambulisha kwa adabu namna hiyo.

Hapa napenda kumkatisha muuzaji. Kwenye kichupa ameandika "ya binadamu", na bei imepanda kwa sababu ya maneno hayo. Kalmodulini ya binadamu, ya ng'ombe na ya kuku zina mpangilio uleule wa asidi amino, bila tofauti hata moja. Kwa miaka mingi, chanzo chake kikuu katika maabara kilikuwa ubongo wa ng'ombe wa machinjioni. Tena ile ya ng'ombe ina mapambo madogo ya kemikali ambayo mwili huyaongeza baada ya protini kutengenezwa, na ambayo bakteria hawajui kuyaweka. Kwa maana hiyo ubongo wa ng'ombe aliyechinjwa asubuhi unakaribiana na kalmodulini iliyo mwilini mwako kuliko unga wa kichupani. Anayetaka protini iliyobadilishwa kiti kimoja ili aone kipi kinashika risasi, huyo anahitaji ile iliyotengenezwa na bakteria. Anayetaka kujua tu kama risasi inakaa, aende machinjioni na ndoo ya barafu.

Kwa albumini mambo ni tofauti. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu, hubeba sehemu kubwa ya kalsiamu isiyo huru, na ncha yake ya mwanzo huishika kobalti, shaba na nikeli. Hospitali za Marekani ziliwahi kupewa kipimo cha moyo kilichojengwa juu ya tabia hiyo: damu huongezewa kobalti, kisha huangaliwa ni kiasi gani albumini imeshindwa kushika, kwa sababu moyo uliokosa hewa huiacha albumini ikiwa imebadilika. Kobalti ikiingia mwilini mwa mchimbaji, albumini ni miongoni mwa wapokeaji wake wa kwanza. Na albumini ya mtu si sawa kabisa na ya ng'ombe, kwa hiyo hapa neno "binadamu" lina thamani yake.

Tufanye hesabu kidogo. Mikrogramu 15 za kobalti kwa lita ni takribani mikromoli 0.25. Nimechukua namba hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitumiwa kama kiwango cha onyo cha mkojo wa mfanyakazi wa kiwandani, na wakazi wengi wa karibu na migodi wameipita. Albumini katika damu ni takribani mikromoli 600 kwa lita. Nafasi ipo tele. Hata kama damu ingekuwa na kobalti nyingi kama mkojo, wapokeaji wangekuwa maelfu kwa kila mgeni mmoja. Kobalti huru, ile inayoweza kwenda kuziba milango ya kalsiamu, ingebaki ndogo mno, na majaribio mengi ya mlangoni hutumia kiasi kikubwa zaidi ya hicho kwa maelfu ya mara. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kobalti ya Kolwezi inazima mioyo ya watoto kwa kuziba kalsiamu, mwombe namba. Lakini usiishie hapo. Ndani ya seli kalsiamu ya kawaida yenyewe ni mikromoli 0.1, kobalti inaingia seli na inachelewa kutoka, na mtoto wa Kasulo hakuimeza siku moja, anaishi nayo. Risasi, kwa upande wake, huiwasha kalmodulini kwa kiasi kidogo mno. Mizani ya hoja, nionavyo, inaelemea upande huu: kwa habari ya viti vya kalsiamu, tuiogope zaidi risasi na kadimiamu zinazosafiri pamoja na kobalti, na kobalti yenyewe tuitafute kwenye kihisio cha oksijeni na kwenye DNA iliyoharibika. Kichwa cha habari kimekuwa kobalti kwa sababu ndiyo inayouzwa.

Hilo halina maana kwamba ulinzi usubiri maabara. Anayeishi juu ya shimo ahamishwe kwa haki, gunia la madini lisilale chumba kimoja na watoto, muhogo usianikwe kando ya barabara ya malori, na mchimbaji apate maji ya kuoga kabla hajarudi kwa mkewe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji protini. Nalisema kwa sababu hoja ya "bado hatujajua inavyofanya kazi" imewahi kuchelewesha mengi, kuanzia tumbaku hadi asbesto.

Sasa, kwa nini kazi hii ya protini haifanyiki Kolwezi? Jibu la haraka ni umaskini, na jibu hilo silikubali lote. Wengine husema baridi: protini huhitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, barafu kavu huisha njiani, mzigo hulala forodhani Kasumbalesa. Ni kweli kwa protini nyingi. Kwa kalmodulini si kweli sana, kwa kuwa inayostahimili kuchemshwa haitakufa kwa siku mbili za joto. Na DNA yenye maelekezo husafiri kwenye bahasha, ikiwa imekaushwa juu ya kipande cha karatasi, bila barafu yoyote. Bakteria watafanya mengine. Wengine husema umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani kabisa, juu ya mto Lualaba, na waya kutoka bwawa la Inga umesafiri kilomita kama 1,700 kuvuka nchi ili ufike hapa. Umeme upo Kolwezi. Swali ni nani anaupata kwanza, na jibu lake kila mkazi analijua: migodi.

Nchi yenyewe imekwisha kuonyesha uwezo. Mwaka 1995 Ebola iliipiga Kikwit. Miaka 11 baadaye damu ya mmoja wa walionusurika ilitumika kutafuta kingamwili, kwa juhudi za Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya INRB ya Kinshasa na washirika wake wa Marekani na Uswisi. Jeni ya kingamwili ilichukuliwa, ikapandikizwa kwenye seli za kiwandani, na dawa iliyotokana nayo ikajaribiwa kuanzia 2018 kwa wagonjwa wa Beni, Butembo na jirani zake, hadi ikaidhinishwa Marekani Desemba 2020 kwa jina la Ebanga. Hiyo ni protini ya binadamu iliyozaliwa kwa damu ya Mkongomani na kuthibitishwa juu ya wagonjwa wa Kongo. Kiwanda tu ndicho kilichokuwa kwingine. Mfano huo huuma kwa pande zote mbili. Unaonyesha kwamba swali lililoulizwa na Mkongomani linaweza kufika mwisho. Unaonyesha pia kwamba lilifika kwa sababu Ebola inaweza kupanda ndege. Kobalti ya mkojoni haimwambukizi mtu wa Paris.

Nadhani kiini kiko hapo, kwa anayeandika bajeti ya utafiti. Fedha za kuichunguza Kolwezi nyingi hutoka nje, na anayetoka nje huja na swali lake: je, mnyororo wa betri ni safi? Kulijibu kunahitaji vipimo vya mkojo, picha za watoto na namba ya kulinganisha na mfanyakazi wa Ulaya. Ni swali la haki, na waliolijibu wamefanya kazi ya heshima. Lakini mwenye swali la "ndani ya seli ya mtoto huyu kunatokea nini, na lishe ipi ingempunguzia" ni mzazi wa hapa, na yeye hana mfuko wa utafiti.

Au anao, ila haujafunguliwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliruhusu kobalti itangazwe kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Katika mrabaha, asilimia 25 ni ya mkoa na 15 ni ya mamlaka ya eneo lenye mgodi. Juu ya hapo kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Fedha hizo zimejenga madarasa na barabara, na kelele za jinsi zinavyotumika tumezisikia. Mashine ya kutikisa chupa, ya kuzungusha mirija, kipimo cha mwanga unaotolewa na protini, jenereta ndogo na friza moja ya kawaida vikiwekwa chumba kimoja katika Chuo Kikuu cha Kolwezi au kile cha Lubumbashi, bili yake haifiki bei ya lori moja la mgodini. Kigumu ni mshahara wa fundi atakayebaki miaka mitano bila kuhamia mgodini, ambako wanampa zaidi kupima ubora wa madini. Hilo ndilo tatizo la kulipia, na halitatuliwi kwa msaada wa vifaa.

Kama ningeulizwa waanze na nini, ningesema wasianze na chumvi safi ya kobalti kutoka dukani. Majaribio hayo yamefanyika kwingine, kwa mashine bora. Wachukue vumbi lililofagiliwa kwenye sakafu ya nyumba za mitaa ya Kasulo na Musonoi, waliloweke kwenye asidi hafifu kama ya tumboni, wachuje, na maji yale yale, pamoja na mchanganyiko wake wote wa kobalti, shaba, manganizi, risasi na urani, wayatie kidogo kidogo kwenye kalmodulini na albumini, mara kukiwa na kalsiamu ya kutosha, mara ikiwa pungufu kama ilivyo kwa mtoto mwenye lishe duni. Mchanganyiko huo hauuzwi na kampuni yoyote ya kemikali, wala hauwezi kukisiwa kutoka mbali, kwani hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na kutoka kiangazi hadi masika. Vumbi la kwanza lichukuliwe Agosti, kabla ya mvua.